Mtaro huombwa wakati wa vumbi

Nina duka la steshenari hatua chache kutoka geti la soko. Kwa miaka minane nimetoa kopi za karibu kila karatasi inayopita kwenye kata yetu: barua za utambulisho, fomu za mikopo, mihtasari ya vikao, na mara mbili tatu makabrasha ya baraza la madiwani, mashine ya ofisini ilipoharibika. Lakini kupitisha karatasi mkononi ni jambo moja, kuelewa inakokwenda ni jingine. Mimi nilielewa baada ya maji kuingia dukani.

Yalikuwa masika. Mtaro unaotoka upande wa samaki ulikuwa umeziba kwa mchanga na mifuko, na mvua ya usiku mmoja ikajaza duka hadi rafu ya pili. Asubuhi nilikuta rimu 11 zimevimba kama mikate, na mashine ya lamination imelala ubavu ndani ya tope. Nilifunga mlango, nikaandika barua kwa hasira, nikaipeleka moja kwa moja ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Dada wa masijala aliipokea vizuri, akaigonga muhuri, akanirudishia nakala. Nikasubiri miezi minne. Hakuna aliyepiga simu wala aliyekuja kuangalia.

Nimeandika haya kwa sababu kila wiki mtu huingia dukani kuniomba nimchapie barua kama ile ya kwangu. Siku hizi, kabla sijawasha kompyuta, namuuliza: jambo lako limeshaandikwa kwenye muhtasari wa mtaa? Wengi hushangaa swali.

Barua yangu ilikuwa na kasoro nyingine kubwa zaidi ya kuruka ngazi za mtaa na kata. Niliandika "mtaro umeziba" kana kwamba mtaro ni mmoja. Maji hayajui mpaka, lakini ofisi zinaujua. Mtaro wa kando ya barabara ya mtaa ni sehemu ya barabara, na barabara za mijini na vijijini hapa Tanzania ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, tangu ilipoanzishwa mwaka 2017. Mtaro wa ndani ya uzio wa soko ni wa halmashauri, kwa sababu soko ni mali yake na ndiyo inayokusanya ushuru pale. Barua yangu ilichanganya yote mawili, kwa hiyo kila ofisi iliweza kusema kwa haki kabisa kwamba mwenye jambo ni yule mwenzake. Baadaye nilitembea kwa miguu kuanzia stendi ya bodaboda hadi upande wa samaki, nikahesabu. Sehemu iliyoziba yote ilikuwa ndani ya soko, kama mita 60 hivi. Matembezi ya dakika kumi yangeniokolea miezi minne.

Fanya hivyo kwanza kwa jambo lolote. Bomba limepasuka, hilo ni la mamlaka ya maji. Kodi ya jengo, tangu 2021 inakatwa unaponunua umeme wa LUKU, kwa hiyo usiende kugombana na keshia wa halmashauri. Bali leseni ya biashara, kizimba cha soko, taka, kibali cha ujenzi, machinjio, choo cha stendi, hayo ni ya halmashauri, na hapo una haki ya kuuliza hadi mwisho.

Sasa mkutano wa mtaa. Najua watu wanavyouona: jua kali, viti vya kuazima, mwenyekiti amechelewa, na wanaokuja ni walewale. Hata mimi nilikuwa siendi, nilikuwa na duka. Nilipokwenda mara ya kwanza tulikaa chini ya mwarobaini wa ofisi ya mtaa, watu kama 40. Suala la mtaro likawaka moto. Mama wa dagaa alisimama akaeleza jinsi anavyobeba ndoo za maji machafu kila alfajiri kabla hajatandaza bidhaa. Kijana wa matikiti akasema wateja wanaruka kama vyura. Ilichukua karibu saa nzima. Mtendaji wa mtaa alikuwa ameinamia kauntabuku lake anaandika, na mimi kwa mazoea ya kazi yangu nikawa naangalia kalamu badala ya midomo. Ilikuwa haitembei sana.

Mwishoni nilinyoosha mkono nikasema, "Mtendaji, samahani, naomba utusomee ulichoandika kuhusu mtaro." Akasoma: "Wananchi walilalamikia hali ya mazingira sokoni."

Hiyo tu. Saa nzima ya watu wazima kueleza shida zao imekuwa sentensi moja ambayo haina mahali, haina kipimo, haina ombi. Hakufanya kwa ubaya. Ni kijana mmoja ana mitaa miwili anaikaimu, na hakuna aliyemwambia kwamba sentensi ile ndiyo itakayosafiri. Mzee mmoja, fundi uashi mstaafu, akamwambia taratibu, "Mwanangu, andika hivi. Mtaro wa ndani ya soko, upande wa samaki, urefu mita 60, umeziba na kingo zimebomoka. Mkutano unaomba halmashauri iuzibue, iujenge upya kwa mawe na iufunike." Mtendaji akaandika. Mwenyekiti akauliza kama tumekubaliana, tukanyoosha mikono, ikahesabiwa.

Ushauri wangu mkubwa kuliko mwingine wote uko hapo. Kabla mkutano haujafungwa, omba usomewe. Omba kwa adabu, usimwaibishe mtendaji mbele ya watu, lakini usiondoke bila kusikia maneno yenyewe. Yatakayofika juu ni yale yaliyoandikwa, hata kama uliyoyasema yalikuwa mazito zaidi.

Kutoka pale jambo huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa yote ni wajumbe. Mwenyekiti wetu ni mtu mzima, na anaingia kwenye kikao kile na shida za watu wengi kichwani. Jioni ya kuamkia kikao nilikwenda kwake nyumbani. "Shikamoo mwenyekiti." "Marahaba mama, karibu." Nikampa karatasi nusu: mahali, mita, ombi, na tarehe ya mkutano wa mtaa uliopitisha. Akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati. Kesho yake ndiyo aliyoisoma. Hapo jambo likaingia kwenye taarifa ya kata, na taarifa ya kata ndiyo diwani anayoiwasilisha barazani kila robo mwaka.

Kitu ambacho wengi wetu hatukijui ni kwamba siku ya baraza, siku ya majoho na siwa, mambo mengi yameshaiva. Kazi ya kupika hufanyika kwenye kamati za kudumu: fedha na uongozi, mipango miji na mazingira, na zile za huduma za jamii. Huko ndiko mkuu wa idara anaulizwa gharama, anajitetea, anabanwa. Baraza linapokutana, mwenyekiti wa kamati anasoma taarifa, wajumbe wanahoji kidogo, wanapokea. Ukienda kumbembeleza diwani wako asubuhi ya baraza, umechelewa kwa wiki kadhaa. Muulize yuko kamati gani. Kama hayuko kwenye kamati ya jambo lako, muulize ni mwenzake yupi aliyeko, na usiwasahau madiwani wa viti maalumu. Choo cha akina mama sokoni kwetu kilisukumwa na diwani wa viti maalumu, ambaye watu wengi walikuwa hata hawajui anaishi mtaa gani.

Nilihudhuria baraza mara tatu. Mikutano ya kawaida ya baraza iko wazi kwa wananchi. Unakaa nyuma, huruhusiwi kuzungumza, simu unaizima. Dua, kisha kuridhia ajenda, kisha kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, kisha ajenda ninayoipenda kuliko zote: yatokanayo na muhtasari. Waandishi wa habari huwa wanasubiri mijadala ya baadaye, lakini mwananchi mwenye shida asikilize yatokanayo. Hapo ahadi ya robo iliyopita inarudishwa mezani, na mtaalamu anatakiwa aseme amefanya nini.

Zamu ya mtaro wetu ilipofika, mtaalamu alisimama akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, suala hili linafanyiwa kazi." Diwani wetu alikuwa anataka kukaa. Mwenyekiti wa halmashauri akavua miwani. "Linafanyiwa kazi na nani, na litakwisha lini?" Ukumbi ukanyamaza. Yule mtaalamu akageuka kwa mwenzake, wakanong'onezana, akarudi kwenye kipaza sauti: mhandisi atapima ndani ya mwezi huo na makadirio yataletwa kwenye kamati. Niliona mwandishi wa vikao anaandika, na safari hii kalamu ilitembea. Wiki mbili baadaye vijana wawili walikuja na futi kamba.

Sasa nije kwenye kalenda, maana ndiyo iliyonigharimu mwaka mzima. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Lakini bajeti ya halmashauri haitungwi Juni. Maandalizi huanza mwisho wa mwaka unaotangulia, baraza hupitisha makadirio mapema mwaka mpya, kisha yanapanda mkoani na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri, hadi bungeni. Sasa angalia mvua zetu. Masika ni Machi hadi Mei. Wakati maji yako magotini na wewe unalia kwa sauti, bajeti ya mwaka ujao imeshaondoka mjini, na ya mwaka huu imeshaisha au ina wenyewe. Mimi nililia Aprili. Makadirio yaliyoletwa kwenye kamati yalikuwa sahihi kabisa, ila fungu halikuwepo.

Ndiyo maana nawaambia majirani zangu kwamba mtaro huombwa wakati wa vumbi. Septemba na Oktoba, mtaro umekauka na kila mtu amesahau, ndipo jambo lake linatakiwa liwe kwenye muhtasari wa mtaa, liwe limepita kata, liwe kwenye orodha ya miradi inayoombewa fedha za mapato ya ndani. Ni vigumu kumshawishi mtu kuhusu mafuriko wakati ana kiu. Mimi nilitumia picha. Nilikuwa nimepiga picha za duka langu na za mama wa dagaa na ndoo yake siku ile ya masika. Nilizichapa, nikazibandika kwenye karatasi ya A4 na tarehe chini yake, nikampa mwenyekiti na diwani nakala moja moja.

Kuhusu sheria ndogo nitasema kwa kifupi, ingawa inaumiza watu. Halmashauri ikitaka kupandisha ada ya vizimba au kuweka tozo mpya, haiwezi kuamka tu ikatoza. Rasimu inatangazwa, wananchi wanapewa nafasi ya kuleta maoni na mapingamizi, baraza linapitisha, kisha inakwenda kwa waziri mwenye dhamana na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Shida ni kwamba tangazo hubandikwa kwenye ubao wenye kioo kando ya mlango wa ofisi, katikati ya matangazo ya zabuni, na sisi tuko sokoni. Mwaka mmoja wafanyabiashara wenzangu walijua ada imepanda siku mkusanyaji alipokuja na mashine ya POS. Wakagoma, wakafunga vizimba siku mbili, wakapoteza mauzo yao wenyewe. Safari iliyofuata tulipanga zamu: kila Ijumaa mmoja wetu anapita kusoma ubao. Rasimu ilipobandikwa tuliandika pingamizi la kurasa mbili, tukaeleza mauzo ya kizimba cha mboga kwa siku na ada inakula kiasi gani, tukasaini watu 63. Hatukupata tulichotaka chote, lakini ada ya vizimba vidogo ilitenganishwa na ya maduka ya nje, na hilo lilitosha kumfanya mama wa mchicha abaki.

Jambo jingine ni namna ya kuzungumza na diwani. Nimeona watu wanamtukana kwenye magrupu ya WhatsApp usiku, kesho wanataka awabebee hoja. Diwani ana kura moja kati ya nyingi. Anachohitaji kutoka kwako ni kitu cha kushika mkononi anaposimama: tarehe, kipimo, picha, idadi ya watu. Akishindwa baada ya kumpa hivyo vyote, hapo sasa muulize kwenye mkutano wa hadhara, kwa sauti, mbele ya wote, na umuulize kwa kutaja kikao na tarehe. Mimi nimefanya hivyo mara moja. Hakupenda. Wiki iliyofuata alinipigia simu kuniuliza zile mita ni ngapi.

Ilichukua karibu miaka miwili tangu rimu zangu zilowe hadi mawe ya kwanza kupangwa. Mafundi walifika kwenye mita 40, fedha zikaisha, wakakusanya karai zao. Upande wa mama wa dagaa umefunikwa kwa zege na masika yaliyopita hakubeba ndoo hata siku moja. Upande wangu bado. Mita 20 zilizobaki ziko kwenye taarifa ya kata ya robo hii, ukurasa wa pili, na urefu umeandikwa. Kopi zake nimezitoa mwenyewe.