Fundi kaandika "uzio", manispaa wamepiga SIMAMISHA

Shikamoo kaka mhandisi. Nina yadi ya vifaa vya ujenzi huku Goba, mbele barabara nyuma bonde, mteremko mkali. Niliomba kibali cha uzio nikapata, fundi akaanza vizuri tu, ila upande wa bondeni ikabidi tuinue ukuta kama mita mbili na nusu tujaze moramu ili malori yapate pa kugeuzia. Wiki iliyopita wamekuja watu wa manispaa wamepiga rangi nyekundu SIMAMISHA UJENZI, eti kibali changu hakihusu ule ukuta. Fundi anasema wanatafuta chai tu, nisiwajali. Nifanyeje? – Mama Yadi

Marahaba dada. Kwanza mwambie fundi apumzike, na wewe usiongeze hata tofali moja, maana ukiendelea baada ya kupigiwa SIMAMISHA unageuza kosa dogo kuwa kesi.

Pili, na hapa utaninunia, hao jamaa safari hii wana hoja. Uliomba uzio, ukajenga kitu kingine kabisa. Uzio unabeba uzito wake na upepo basi, ukuta wa kuzuia udongo unasukumwa usiku na mchana. Nimepiga hesabu ya haraka kwa kimo chako cha mita 2.5 na moramu ya kawaida iliyo kavu: kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa na karibu tani mbili, hapo lori bado halijaingia. Masika ikifika maji yakajaa nyuma ya ukuta na hayana pa kutokea, mzigo unapita mara mbili ya huo. Na ukisema uongeze kimo kidogo ili yadi ikae levo, jua kwamba kimo kikizidi mara mbili msukumo unazidi mara nne. Sasa tofali za inchi sita zitaweza wapi.

Nenda mwenyewe kaangalie vitu viwili. Cha kwanza matundu ya kutolea maji: yapo? Mara nyingi mabomba ya PVC yanawekwa kweli, afu fundi wa plasta anakuja anayaziba ukuta "upendeze", na nyuma hakuna kokoto, ni udongo mtupu umegandamana. Cha pili muulize fundi nondo kuu kaziweka upande gani. Akijibu upande wa nje unaoonekana, au akijibu katikati, una tatizo, kwa ukuta wa zege wa aina hiyo nondo zinazofanya kazi ni za upande wa udongo, huko ndiko zege inakovutwa. Nimeshaona ukuta una nondo nene kweli kweli, zote upande usio na kazi, na mwenye mali anajisifia kwamba hakubania hela.

Kwa hiyo tafuta mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), aje aone kilichosimama, achore msingi, nondo na njia ya maji, aweke sahihi na muhuri. Huenda akakwambia bomoa, bora akwambie yeye kuliko bonde. Michoro hiyo ndiyo unaipeleka kwenye maombi ya kibali ya ukuta, siku hizi vibali vinaombwa kwenye TAUSI, mfumo wa serikali wa mtandaoni, pamoja na hati na risiti ya pango la ardhi. Andika wazi kabisa "ukuta wa kuzuia udongo", usilifiche tena ndani ya neno uzio.

Kabla hujatuma, soma hati yako inasema matumizi gani. Yadi nyingi zimekaa kwenye viwanja vya makazi, na hapo afisa mipango miji atakwambia anza na kubadili matumizi, huo ni mlolongo wake mwingine. Huko bondeni nako kama kuna mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inagusa mita 60 kutoka kingo, mhandisi hata awe hodari vipi hakusaidii hapo.

Na upande wa mbele usijisahau. Kama barabara yako ni kuu au ya mkoa, yaani iko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara), Sheria ya Barabara ya 2007 ilitanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Wale waliokutwa na mabadiliko ndio walipigiwa X ya kijani ya fidia, ukijenga sasa hivi humo ndani utapata nyekundu, na nyekundu haina malipo. Mwite mpima akuoneshe bikoni zako, yale mawe ya mipaka, usipime kwa hatua za miguu kama fundi wako.

Sasa mhandisi. Niko na godauni Ruaka, niliomba kaunti ruhusa ya kujenga ukuta wa kuzunguka ploti, miezi mitatu sasa kimya. Naweza anza? – Msomaji, Kiambu

Sheria ya mipango ya Kenya ya 2019 inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 ruhusa inachukuliwa umepewa. Lakini siku zinahesabiwa kutoka lini? Bila stakabadhi yenye tarehe kwamba maombi yako yalipokelewa yakiwa kamili, hiyo sheria haikusaidii kitu siku askari wa kaunti wanaingia na nyundo. Waandikie barua kwanza, taja tarehe uliyowasilisha, hakikisha nakala yako imepigwa muhuri. Kusajili mradi na NCA (Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi) ni kitu kingine, ukimya wa kaunti haukifuti. Na kama ukuta wako utakuwa na udongo upande mmoja, hata futi chache tu, msome Mama Yadi hapo juu kabla hujaita fundi.