Jibu kwa dada mwenye mdogo wake Kondele: yaliyonipata mimi Kaptembwo

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema mdogo wako wa Kondele, Kisumu, amejifungua wiki 6 zilizopita, analia ovyo, mtoto akilia anageukia ukutani, na mama mkwe wake anasema ni uvivu wa wasichana wa siku hizi. Unauliza hali hiyo inaletwa na nini, na kama kuna wanawake walio hatarini kuliko wengine. Mimi si daktari. Nauza mitumba hapa Nakuru, naishi Kaptembwo, na ugonjwa huo ulinishika kwa mtoto wangu wa pili. Hospitalini niliambiwa unaitwa sonona ya baada ya kujifungua. Mtaani tunasema tu "ana mawazo".

Kwanza, kuna machozi yanayowapata akina mama wengi sana kuanzia kama siku ya tatu. Hayo huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Mdogo wako amepita hapo zamani, kwa hivyo usikubali kuambiwa "ni kawaida, ataacha".

Utasikia pia kwamba ni homoni. Ni kweli kwamba kondo la nyuma likitoka, homoni za ujauzito hushuka ghafla. Lakini zinamshukia kila anayezaa, na wengi hawaugui. Shirika la Afya Duniani linasema karibu akina mama 13 katika kila 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kwa nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Naamini tofauti hiyo haimo kwenye damu zetu. Imo katika yale tunayobebeshwa.

Yangu niliyaona nilipokuwa nimeshapona. Mtoto wa kwanza nilimzaa nikiwa na miaka 19, nyumbani kwetu Molo, na baada yake nikapitisha miezi kadhaa gizani. Mama yangu ndiye aliyembeba mtoto, akanipikia uji wa wimbi na njahi, akawaambia majirani waniache nipumzike. Hakuna aliyeupa ugonjwa ule jina, nami nikausahau. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa dalili kubwa kuliko zote: mwanamke aliyewahi kuugua sonona, hata kama haikuwa ya uzazi, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua tena akijifungua. Mwulize mdogo wako kuhusu miaka ya nyuma. Huenda hajawahi kuulizwa.

Kwa huyu wa pili, usingizi ulinipotea mimba ikiwa ya miezi 7. Nilikuwa nakaa kwenye kibanda changu wateja wakipekua nguo, machozi yananitoka, nasema ni vumbi la marobota. Kliniki walinipima presha, damu, mkojo na uzito, wakasema niko salama. Mawazo yangu hayakuulizwa, nami sikujua kwamba ni jambo la kupeleka kliniki. Wengi hudhani ugonjwa huu huanza siku ya kuzaa. Mara nyingi huwa umeshaanza mtoto akiwa tumboni.

Halafu mambo yakaja pamoja. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mume wangu alikuwa dereva wa trela, anapitia Nakuru kuelekea Malaba, anaweza kulala nyumbani usiku mmoja kwa wiki 2. Nikapata uchungu wa muda mrefu, mwishowe nikapasuliwa kwa dharura, mtoto akalazwa nasari siku 9. Kibanda kikafungwa, kodi ya nyumba ikangoja. Kila jambo katika haya peke yake humweka mama hatarini: kuzaa kwa shida, mtoto kulazwa, ukosefu wa pesa, msiba wa karibu. Lakini ukiniuliza ni lipi lililoniangusha, nitasema ni kukosa mtu. Kidonda kilipona. Kukaa kutwa nzima bila mtu mzima wa kuongea naye ndiko kulikonimaliza.

Yako mengine ambayo hayakunipata lakini nimeyaona kwa wenzangu. Kupigwa au kutukanwa nyumbani ni kubwa sana, na mama hatakuambia huku aliyempiga yumo chumbani. Mimba ambayo haikutakikana. Msichana wa shule aliyezaa akatengwa na watu wake. Aliyewahi kupoteza mtoto au kutokwa na mimba. Aliyegundua akiwa mjamzito kwamba ana virusi vya ukimwi na hajamwambia mtu. Huko kwenu kandokando ya ziwa usilipuuze hilo. Anayelaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu. Lakini usichukue haya kama hukumu: kuna aliyepitia yote na hakuugua, na kuna aliyekuwa na kila kitu akaugua vizuri tu.

Kitu kilichonikaa moyoni hadi leo ni kile kijitabu cha kliniki. Mna ukurasa wenye mistari ya uzito wa mtoto. Kila tukienda, nesi anaweka nukta, nukta inapanda, ananisifu: "Mama unajitahidi!" Nami siku hiyo nilikuwa nimetoka nyumbani bila kuonja chochote tangu jana yake mchana. Kila mtu aliniuliza mtoto anaendeleaje. Anaendelea vizuri, nilijibu, na lilikuwa jibu la kweli.

Aliyeniokoa ni jirani wa ploti yetu, mama mtu mzima anayeamka saa kumi za usiku kukanda mandazi. Alinikuta nimesimama kwenye mfereji wa uani, bila viatu, mtoto analia ndani. Nilikuwa nimemlaza katikati ya kitanda nikatoka, kwa sababu nilijiogopa. Hakunikemea. Aliufunga mfereji, maji yalikuwa yakimwagika tu juu ya miguu yangu, akaniuliza, "Mama, umelala lini?" Nikashindwa kujibu. Akamchukua mtoto mgongoni, akanilaza kwenye kitanda chake mwenyewe, akaendelea kukaanga. Nililala mpaka jua likawa utosini.

Siku ya chanjo ya wiki 10 alifunga biashara akanisindikiza, na yeye ndiye aliyemwambia nesi, maana mimi ningesema niko sawa. Nesi akaniingiza chumba cha pembeni, akanisomea maswali 10. Baadaye nilijua yanaitwa kipimo cha Edinburgh, kilichotungwa 1987, na yanauliza juu ya siku 7 zilizopita: kama umeweza kucheka, kama umejilaumu bure, kama umeogopa bila sababu. La 10 linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Nilipojibu ndiyo, aliweka kalamu chini, akanishika mkono. Kipimo chenyewe hakisemi unaumwa nini, kinaonyesha tu nani aonwe na daktari. Nilionwa siku hiyo hiyo, nikaanza ushauri wa kila wiki pamoja na dawa ambayo daktari aliichagua akijua nanyonyesha. Wiki kadhaa zilipita kabla sijaona nafuu. Siku moja nikajikuta namwimbia mtoto nikimwogesha, na sikuwa nimekusudia.

Sasa mdogo wako. Mtoto ana wiki 6, yaani chanjo yake ni ya sasa. Panda gari uende naye, uingie naye hadi ndani, useme wewe kama yeye atashindwa. Usimwambie "wenzako wanatafuta watoto hawapati". Mimi niliambiwa hivyo, nikajiona mbaya zaidi. Chukua zamu ya usiku hata siku 2, nepi uzifue wewe, chakula akipate kikiwa moto. Na mama mkwe msigombane naye, mpe kazi ya kumshika mtoto mama yake alale.

Ila akikuambia anafikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje siku ya kliniki. Vivyo hivyo akianza kusikia sauti, kukesha bila kuchoka, au kusema mambo ya ajabu kuhusu mtoto. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, na asiachwe peke yake hata kidogo. Watu watasema amerogwa. Maombi yafanyike, sina neno, lakini yafanyike mkiwa njiani kwenda hospitali.

Nafunga kibanda saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo niko hapa. Niandikie alichosema nesi.