Umeme ukizimwa, nyutroni zinakoma

Mkuu, umeuliza kama mashine ndogo ya plazima (gesi yenye chaji za umeme) inayotoa nyutroni inaweza kuchukua nafasi ya vyanzo vya mionzi. Inawezekana, ila kwa kile kisanduku cha kupimia unyevu na mshindilio wa moramu, bado. Ndani kuna vyanzo viwili vya mionzi: amerisiamu-beriliamu inayotoa nyutroni (chembe zisizo na chaji) za kupima unyevu, na sesiamu-137 ya kupima msongamano. Mashine hiyo itaondoa hicho cha kwanza tu. Yenyewe inagonganisha deuteriamu (haidrojeni nzito) na deuteriamu, au na tritiamu (haidrojeni nzito zaidi). Ukichomoa umeme, nyutroni zimekwisha. Amerisiamu huizimi: kupungua nusu tu inachukua miaka 432!

Nimebeba hicho kisanduku miaka kadhaa huku Usa River, Arusha. Kila jioni lazima kirudi stoo ya kufuli na kusainiwa, na kibali cha watu wa nguvu za atomu wa Njiro hakitoki garini. Kwa hiyo natamani kweli mashine hiyo ije. Lakini inataka volti makumi ya maelfu, na nyutroni zake zina nguvu tofauti (elektroni-volti milioni 2.5 au 14), basi vipimo vyote unasawazisha upya. Na ya tritiamu kibali kiko palepale, tritiamu nayo ina mionzi. Wapima visima vya mafuta ndio wamezizoea mashine za aina hii kitambo.