Wasomaji wanauliza: Bibi hakujua mwaka aliozaliwa, wasifu wake tuuandikeje?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mjukuu wa kwanza wa kike, kwetu Muheza, Bibi yetu mzaa mama tumemzika mwezi uliopita na arobaini ndo inakuja. Anti kilichoniuma sio kifo maana Bibi alikuwa mtu mzima, aliugua tukamuuguza, kilichoniuma ni ule wasifu. Watani walikuja msibani wakajifunga kanga zake, wakamuigiza anavyosonga bada, ule ugali wa muhogo, huku anafukuza kuku kwa mguu na mwiko hauachi, wakamuigiza anavyopita usiku na kibatari sie wajukuu tumelala kwenye mkeka sebuleni, anatugusa vichwa anahesabu, kikipungua kimoja nyumba nzima inaamshwa. Watu walicheka mpaka wakalia. Alafu mjomba kasimama na karatasi: marehemu alizaliwa mwaka 1932, hakubahatika kusoma, hakuwa na kazi, alikuwa mcheshi na mcha Mungu, ameacha watoto 7, Bwana ametoa Bwana ametwaa. Basi. Nikajiuliza sasa huyu tunayemzika ni nani?

Kikao cha ukoo kimeniachia mimi niandike wasifu mwingine usomwe siku ya arobaini, na tutoe kijitabu kila mjukuu abaki nacho. Shida yangu ni kwamba huo mwaka 1932 umetoka kwenye kitambulisho cha taifa, mjomba mdogo anabisha anasema ni 1945, Bibi mwenyewe alikuwa anasema tu alivunja ungo mwaka aliovishwa taji Malkia, na siku ya Uhuru mama mkubwa alikuwa anatambaa. Na kazi kweli hakuajiriwa, Babu ndo alikuwa kibarua wa mkonge, yeye Bibi aliuza machungwa barabarani na hesabu za wadeni wake alichora mistari ya mkaa kwenye mlango wa jiko, ipo mpaka leo. Shule hakwenda ila barua zetu alisoma mwenyewe, hatujui alijifunzia wapi. Nisaidie. (Mjukuu, Muheza)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba.

Mwaka tunaupata hapahapa, wala msigombane, maana Bibi keshawajibu ila nyie mlikuwa hamumsikilizi. Malkia Elizabeth alivishwa taji tarehe 2 Juni 1953. Kama Bibi angezaliwa 1945 hapo angekuwa na miaka 8, na mtoto wa miaka 8 havunji ungo, kwaiyo mjomba mdogo aketi chini. Kama angezaliwa 1932 angekuwa na 21, na msichana wa miaka 21 zama hizo ni mke wa mtu kitambo na ana watoto, sio mwali wa kuwekwa ndani. Chukua msichana wa miaka 13 mpaka 16, unarudi nyuma unapata 1937 mpaka 1940. Sasa pima na ile ya pili. Uhuru ni tarehe 9 Desemba 1961, mtoto anayetambaa ana miezi saba, nane, kumi hivi, ina maana mama mkubwa kazaliwa mwanzoni mwa 1961, na Bibi hapo alikuwa na ishirini na kitu. Kama mama mkubwa ana cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa kitoeni muone, kikisema 1961 basi maneno ya Bibi yote mawili yamesimama. Kwenye wasifu andika "alizaliwa kati ya mwaka 1937 na 1940", na uandike na sababu, kwamba alivunja ungo mwaka wa taji la Malkia. Hamna aibu hapo. Ule wa kwenye kitambulisho usikupe presha, wazee wetu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, siku ya kujiandikisha ukiulizwa mwaka unataja unaokujia mdomoni na ndo unabaki huo.

Naona mmesema Bwana ametoa Bwana ametwaa, basi kama alibatizwa nendeni na kanisani. Huko kwenu Waanglikana wapo tangu karne ya 19, enzi za UMCA, shirika la wamisionari kutoka Uingereza, pale Magila, na parokia zina madaftari ya ubatizo, kipaimara na ndoa. Muombeni mchungaji kwa adabu, mwende na jina la ubatizo na jina la baba yake Bibi, msiende na jina la "Mama Fulani" mnalolijua nyie maana humo halimo.

Na mkikaa na bibi wengine wa rika lake, mdogo wake kama yupo, jirani, mke mwenza, msiwaulize "ilikuwa mwaka gani", hiyo miaka hawakuihesabu. Waulizeni "ulikuwa umembeba nani mgongoni?" Yani hapo utashangaa. Mwulize keya, wale askari wa jeshi la mkoloni (KAR), waliporudi kutoka Burma alikuwa kigori au bado mdogo, hiyo ni 1945 na 1946. Muungano 1964 alikuwa na nani mgongoni, mlipohamishiwa vijiji vya ujamaa kati ya 1973 na 1976 nani alikuwa anaanza shule, vita ya Kagera 1978 nani alikuwa tumboni, ile miaka ya foleni za sukari na sabuni, siku redio ilipotangaza Sokoine kafariki, 12 Aprili 1984, alikuwa wapi. Kina baba wanakumbuka kwa wakubwa wa kazi na timu za mpira, ila mwanamke anakumbuka kwa mtoto, na mtoto ana cheti, kwaiyo hesabu inakaa sawa.

Haya, kazi. Hapa nimekasirika kwa niaba yako. Mwanangu, mshahara wa mkonge enzi za mkoloni ulipangwa kama wa mwanaume asiye na familia. Mkata mkonge alikuwa na kipande chake, kadi ya siku 30 za kazi, ikijaa ndo analipwa, na kinacholipwa hakikuhesabu mke wala watoto. Sasa wale watoto 7 walikula nini? Walikula muhogo wa Bibi. Alilima, akavuna, akamenya, akaanika makopa, akatwanga, akachekecha, alafu ndo ikawa hiyo bada watani wanayoiigiza. Kila kipande cha Babu kilichojaa kina mkono wa Bibi ndani yake, ila jina lililoandikwa ni la Babu.

Alafu angalia mbele. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani laki mbili za mkonge, tulikuwa tunaongoza duniani, baadaye bei ikaanguka kamba za plastiki zilipoingia, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na miaka iliyofuata uzalishaji ukawa unashuka tu. Muulize mama yako ni mwaka gani Babu alirudi nyumbani bila kazi, alafu muulize ada na yunifomu za kuanzia hapo zilitoka wapi. Nakuhakikishia utaambiwa machungwa. Hiyo ndo aya yako ya kazi, na hautaandika "hakuwa na kazi", utaandika aliuza machungwa kuanzia mwaka fulani mpaka mwaka fulani, sehemu fulani ya barabara, akasomesha fulani na fulani.

Na ule mlango! Najua arobaini ikikaribia watu huwa wanapaka nyumba rangi wageni wasikute uchafu. Kabla hajaja fundi mwenye brashi upige picha ule mlango, asubuhi jua likiwa linaingia kwa ubavu mistari ionekane, na picha hiyo iingie kwenye kijitabu ukurasa wa peke yake. Mimi ningeuacha usipakwe kabisa ila najua kwenye familia kuna watu wa usafi hawashindiki.

Kusoma: mimi nahisi ni kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa yakawa kila kijiji, jioni, chini ya mwembe, kwenye ofisi ya tawi, popote, na kina mama walikwenda wengi wakiwa na watoto mgongoni, 1975 ukafanyika mtihani wa nchi nzima. Bibi yako hapo alikuwa na thelathini na kitu, umri wenyewe haswa. Waulize wenzie nani alikuwa mwalimu wao. Ikithibitika futa lile neno "hakubahatika kusoma" maana alisoma, tena baada ya kutoka shamba.

Kuhusu mpangilio, anza na watani. Sio utani huu. Wale hawakuandika kitu wala hawakufanya kikao, walichukua vitu viwili tu, bada na kibatari, na msiba mzima ukamjua. Kibatari ndo kifungue wasifu, miaka na watoto vifuate nyuma. "Mcheshi na mcha Mungu" acha kabisa, sio uongo, ila kila marehemu wa nchi hii ni mcheshi na mcha Mungu.

Wajukuu wengine wako Dar, wako sijui wapi, kwenye lile grupu la WhatsApp usiandike "kila mtu atoe kumbukumbu yake ya Bibi", utaletewa emoji za machozi na "alikuwa na upendo wa dhati". Uliza kitu chembamba. Alikuwa anakukemea nini? Ukifika likizo alikuwekea chakula gani? Alikuita jina gani asilowaita wengine? Waambie wajibu kwa sauti, wasiandike, watu wakiongea wanasema mengi zaidi. Na kama alikuwa mkali wa madeni semeni alikuwa mkali wa madeni, wadeni wenyewe watakuwepo arobaini na watacheka.

Watoto waliofariki wakiwa wadogo wahesabiwe. Naona mmeandika "ameacha 7", je alizaa wangapi? Muulize mama mkubwa faragha, sio mbele za watu, na akisema hataki iandikwe muache.

Mwisho, wasifu wa kusomwa usizidi kurasa mbili. Watu wako juani na pilau inanukia. Mengine yote yapeleke kwenye kijitabu.

SWALI: Habari Anti. Naandika kutoka Nakuru. Shosho, yaani bibi yetu, alituacha wiki jana na tunatengeneza programu ya mazishi. Alilea watoto wawili ambao hakuwazaa, wa jirani aliyekufa, tangu wakiwa wadogo sana, mmoja bado yuko sekondari na shosho ndiye alikuwa analipa fees. Ma-uncle wanasema majina yao yasiwekwe kwa orodha ya watoto, wawekwe kwa "friends and relatives". Mimi naona ni makosa lakini mimi ni nani. (Wa Nakuru)

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hao wajomba hawaogopi orodha, wanaogopa shamba. Wanadhani jina likishachapishwa pale basi ni ushahidi wa urithi. Sheria ya urithi ya Kenya inamtambua kama mtegemezi hata mtoto ambaye marehemu alimchukua akamlea kama wake na alikuwa akimtunza mpaka anafariki, lakini hilo linaangaliwa kwa matunzo yenyewe, risiti za fees, walimu, majirani, chifu. Karatasi ya mazishi peke yake haimpi mtu ekari, na kumtoa kwenye karatasi hakumnyimi haki yake kama anayo. Waambie hivyo kwa upole, na kama bado wana wasiwasi waende kwa wakili baada ya mazishi, sio kabla. Majina yawekwe palepale walipokaa wenzao, kwa umri. Na huyo wa sekondari mtafutieni mtu wa kukaa naye siku hiyo karibu na jeneza, maana ndo kwanza anazika mama kwa mara ya pili.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Muscat. Bibi yangu aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, miaka ya themanini alikuwa akirikodi kaseti akiwapelekea ndugu zake waliobaki Ng'ambo, pale mjini Unguja, badala ya barua, nao wakijibu kwa kaseti. Kafariki, Allah amrehemu, tumekuta sanduku zima chini ya kitanda. Tuna redio ya zamani, tuzisikilize tu? (Mjukuu wa Unguja)

JIBU: Waalaykum salaam, Allah amrehemu Bibi. Jamani msizisikilize bado! Redio iliyokaa miaka haijafanya kazi inatafuna mkanda, na mkishaukata huo basi. Kwanza zitazameni kwenye mwanga, mkiona unga mweupe kwenye mkanda huo ni ukungu, hizo mziweke pembeni apewe fundi anayejua kuzisafisha. Zilizo safi zizungusheni mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwanzo mara moja kabla ya kucheza, kwa kalamu ya mkono kama hamuiamini mashine, mkanda uliokaa muda mrefu unanatana. Zilizoandikwa 120 ziogopeni zaidi, mkanda wake mwembamba kuliko wa 60 na unakatika upesi. Mkirikodi tumieni waya kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta, msiweke simu mbele ya spika mtapata na sauti za eyakondishen. Nakala ziwe tatu, moja iende kwa jamaa Ng'ambo maana nusu ya mazungumzo ni yao, na huenda na wao wana sanduku lao, mkiunganisha mtapata swali huku na jibu kule. Na kabla ya yote hayo, leo hii, vunjeni vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kila kaseti, asije mtoto akabonyeza kitufe chekundu akarikodi juu yake.