Maswali na Majibu: Banjo itasubiri, sikilizeni sauti

Tangu niandike juu ya Stanley Brothers, waimbaji wa bluegrass wa Marekani, yaani Carter na Ralph, ndugu wa tumbo moja kutoka milima ya Dickenson County, Virginia, barua hazijakatika. Nyingi zinauliza habari za banjo. Nimechagua chache, na nimezipa nafasi zaidi zile zinazouliza habari za koo na masikio.

Nifanyeje ili nipige banjo kwa kasi kama Earl Scruggs, yule bingwa wa vidole vitatu? (Eldoret)

Piga polepole mpaka vidole vitatu vitoe mlio wenye uzito sawa, kisha ongeza mwendo kidogo kidogo. Jibu ni lilelile kila mara, na ninaomba lisirudi. Ralph Stanley mwenyewe alianza kwa kufundishwa na mama yake, Lucy, ule upigaji wa zamani wa kugonga nyuzi kwa ukucha kuelekea chini. Vidole vitatu vilikuja baadaye. Ukimsikiliza Ralph, angalia anachofanya wakati Carter anapofungua kinywa: banjo inashuka, inampisha. Jifunze hilo kabla ya kasi.

Umeandika kwamba Ralph aliimba sauti ya tena (tenor), juu ya sauti ya Carter. Nimefundisha kwaya miaka mingi, na tena ni sauti ya tatu, chini ya alto. Si umekosea? (Mwalimu wa kwaya, Moshi)

Shikamoo, Mwalimu. Kwa kwaya uko sahihi, na kwa muziki huu mimi nami niko sahihi. Kwenye bluegrass sauti hupewa jina kwa kutazama ilipo wimbo wenyewe. Anayebeba wimbo ndiye kiongozi. Anayepanda juu yake anaitwa tena. Wa tatu, baritoni, kwa kawaida hukaa chini ya kiongozi. Kwa hiyo Carter alisimama na wimbo, Ralph akapanda juu yake kwa ile sauti yake nyembamba inayokata kama wembe.

Ila Stanley Brothers hawakuishia kwenye kawaida. Siku za mwanzo walikuwa na Pee Wee Lambert, mpiga mandolini, na yeye badala ya kushuka chini ya Carter alikwenda kukaa juu ya Ralph. Sikiliza "The Lonesome River" ya enzi zao katika kampuni ya santuri ya Columbia, kati ya 1949 na 1952. Wimbo uko chini kabisa, na wanaume wawili wako juu yake, mmoja begani kwa mwenzake. Ni kama umwambie sauti ya kwanza wako abaki chini na wimbo, kisha wengine wapande juu ya kichwa chake. Mara ya kwanza sikio linapotea, halijui lishike ipi. Osborne Brothers, ndugu wengine kutoka Kentucky, wakaja mwaka 1958 na mpango wa kinyume: Bobby akaupeleka wimbo juu kabisa, wenzake wote wakabaki chini yake.

Naomba radhi kwa ninalosema, Mwalimu, lakini kwaya zetu nyingi zinagawa sauti kwa mazoea. Kijana akiingia na sauti nzito anatupwa besi siku hiyohiyo, hata hajasikilizwa akiimba kwa raha yake. Hawa walitazama kwanza nani ana koo gani, ndipo wakapanga.

Je, bluegrass si country tu kwa jina jingine? (Wasomaji watatu)

Hapana. Jim Reeves tunayempenda, na zile fidla zake nyororo za studio, hayumo. Hapa kuna banjo, mandolini, fidla, gitaa kavu na besi kubwa la kusimama. Ngoma hakuna, na umeme ni wa kipaza sauti tu. Jina lilitoka kwa bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, Blue Grass Boys. Mkiandika tena, someni kwanza toleo lililopita.

Kwa nini ndugu wanalingana sauti kuliko waimbaji wengine? Ni damu? (Tanga)

Wewe wa Tanga, walikotoka Wilson na George Kinyonga, wale wa Simba Wanyika, unaniuliza mimi? Lakini swali ni zuri.

Damu inasaidia kidogo, kwa umbo la kinywa na koo. Kazi kubwa inafanywa na nyumba. Watoto waliokulia jiko moja wanatamka irabu kwa namna moja, na harmonia inakaa kwenye irabu. Chukua neno "maji". Mmoja akifungua "a" pana na mwenzake akaibana kidogo, hata wakipiga noti sahihi kabisa utasikia watu wawili. "A" zikifanana, sauti zinashikana na hewani unasikia kama mlio wa ziada ambao hakuna aliyeuimba. Ndugu pia wanajua pumzi za wenzao. Ralph hakuhitaji kutazama ili ajue Carter anamaliza mstari wapi.

Ongeza na kanisa. Walilelewa katika ibada za Primitive Baptist, ambako ala haziruhusiwi. Kiongozi anatoa mstari, waumini wanauchukua na kuuvuta taratibu, kila mtu akitafuta mahali pake kwa sikio. Ukilelewa bila kinanda cha kukushika mkono, unajifunza kujishikilia mwenyewe. Ndiyo maana Ralph, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, aliweza kuimba "O Death" peke yake bila uzi mmoja nyuma yake kwa ajili ya filamu ya mwaka 2000, na akapata Grammy mwaka 2002.

Lakini msiifanye damu kuwa kisingizio. Carter alifariki Desemba 1, 1966, akiwa na miaka 41, na pombe ilikuwa imemla kwa muda mrefu. (Vijana wa bendi, hilo lisomeni mara mbili.) Ralph aliendelea karibu miaka 50, akawaweka pembeni yake waimbaji wasio ndugu zake: Larry Sparks, kisha Roy Lee Centers, ambaye wengi walidhani wanamsikia Carter. Walijifunza kwa kusimama karibu naye na kusikiliza, usiku baada ya usiku.

Ndugu mwandishi, huu si muziki wa wazungu? Sisi unatuhusu nini? (Dar es Salaam)

Banjo inatoka kwenye ala za kibuyu na ngozi za Afrika Magharibi. Waafrika waliouzwa utumwani ndio walioiunda upya ng'ambo ya bahari. Bill Monroe alikuwa kijana alipompigia gitaa Arnold Shultz, mwanamuziki Mweusi wa Kentucky, kwenye dansi za kijijini, na alimtaja kuwa mmoja wa walimu wake. Mwaka 1939 Monroe alipopanda mara ya kwanza jukwaa la Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha muziki wa country, aliimba wimbo wa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country. Huyo Rodgers ndiye ambaye santuri zake zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya, jina lake likageuka "Chemirocha", na mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akawarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba kwa lugha yao. Basi unapouliza unatuhusu nini, kawasikilize kwanza hao wasichana.

Mimi na mdogo wangu tunarekodi. Mtayarishaji anataka kila mmoja aimbe peke yake chumbani, halafu anyooshe sauti kwa kompyuta. Tukubali? (Nakuru)

Msikubali, dada yangu.

Mimi na mdogo wangu tulikubali, kwenye studio moja ya mjini. Nilivaa spika za masikioni nikaimba ukutani. Yeye aliingia nilipotoka. Fundi akanyoosha kila noti. Tuliipeleka nyumbani, mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hawa ni akina nani?" Mwanamke aliyetusikia tukiimba tangu tukiwa tunachota maji.

Sababu yake si uchawi. Programu hizi, zikiachwa zilivyo, zinavuta kila noti ifuate ngazi za kinanda, na kinanda kimepangwa kwa mapatano, kila nusu-toni sawa na nyingine. Noti ya tatu ya ngazi kuu, ambayo ndiyo tamu ya harmonia, kwenye kinanda iko juu kidogo ya pale inapotulia, kama asilimia 14 ya nusu-toni. Waimbaji wawili wanaosikilizana huishusha wenyewe bila kujua mpaka itulie. Kompyuta inaipandisha tena, na ule mlio wa ziada unakufa.

Fanyeni hivi. Kipaza sauti kimoja, nyinyi wawili usawa wa bega. Anayebeba wimbo awe karibu, kama kiganja kimoja na nusu. Wa juu arudi nyuma nusu hatua, maana sauti nyembamba inapenya yenyewe. Tazameni kinywa cha mwenzenu, msitazame karatasi. Sauti zikizidiana, sogezeni miguu, msiguse vifundo vya mashine. Mkikosea mnarudia wote wawili tangu mwanzo. Inachosha, na mtayarishaji atalalamika kuhusu saa zake. Mlipieni.

Kati ya Carter na Ralph, nani alikuwa bora? (Mombasa)

Ukishawatenganisha, hukuwasikia.

Nianzie wapi kuwasikiliza? (Bujumbura)

Anza na "The White Dove" ya mwaka 1949, aliyoiandika Carter. Tumia spika za kawaida, usitumie ya simu. Mara ya kwanza mfuate Carter. Mara ya pili mwache, mfuate Ralph peke yake tangu mwanzo wa kiitikio, na ujaribu kuimba naye kwa sauti ya chini. Utaanguka kwenye sauti ya Carter mara tatu nne, rudia. Ukifika siku unaweza kuishika ya Ralph mpaka mwisho bila kuteleza, mtafute mtu wa nyumbani kwenu ashike ile nyingine.