Kabla ya Kumkatia Kasuku Tiketi, Tafuta Cheti Chake cha Kuzaliwa

Mume wangu alipopata kazi Marekani mwaka 2023, jambo la kwanza tulilolijadili mezani halikuwa nyumba ya kupanga wala shule ya watoto, bali Mangi. Mangi ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na kwa miaka 9 alikuwa ameishi barazani kwetu Rau, Moshi, akiigiza makonda wa Himo na Marangu kwa ufundi uliowafanya wageni wageuke kuitafuta gari. Mama mkwe alishauri tumwache. "Mwanangu, ndege ni ndege," aliniambia, "huko mtapata mwingine." Lakini kasuku wa aina hii anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, hushikamana na mtu mmoja au wawili, na akitenganishwa nao anaweza kujinyonyoa manyoya hadi ngozi ionekane. Tuliamua aende nasi, na safari yake ikatugharimu miezi minane ya maandalizi, wakati ya kwetu sisi wanadamu ilikamilika kwa mitatu.

Kosa langu lilikuwa kuanzia kwenye shirika la ndege. Nilipiga simu kuuliza nauli ya kasuku kama mtu anayeulizia nauli ya mzigo, na binti aliyepokea akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ninavyo vibali. Sikujua anazungumzia nini. Kumbe tiketi ndiyo kitu cha mwisho, na cha kwanza ni karatasi inayoonyesha ndege huyo alitoka wapi. Mangi tulimnunua mwaka 2014 kutoka kwa familia ya wageni waliokuwa wakihama Arusha, nao walitukabidhi bahasha ya kaki ambayo mimi, kwa ujinga wangu, niliitia chini ya droo pamoja na risiti za umeme. Ndani yake mlikuwa na kibali cha kumtoa Afrika Kusini, kikieleza kwamba alianguliwa kwenye kizimba cha mfugaji, pamoja na kibali cha kumwingiza Tanzania na namba inayofanana na ile iliyo kwenye pete ya mguu wake. Bila bahasha hiyo nisingekuwa na la kuandika kwenye maombi ya vibali.

Sababu ni kwamba kasuku wa kijivu, ambaye asili yake ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, amenaswa kwa wingi mno kwa ajili ya biashara, huku misitu yake ikikatwa. Ndiyo maana mkutano wa nchi wanachama wa CITES, yaani mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, ulimpandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza, ambacho ndicho chenye masharti makali kuliko vyote, na uamuzi huo ukaanza kutumika Januari 2017. Karatasi za Mangi zilikuwa za zamani kuliko uamuzi huo. Hazikupoteza thamani, kwa kuwa bado zilithibitisha asili yake, lakini hazikutosha kumsafirisha. Chini ya kiambatisho hicho, nchi unayokwenda hutoa kwanza kibali cha kumpokea, na nchi unayotoka haitoi chake mpaka ikione hicho cha kwanza. Mimi nilifanya kinyume: nilipanda basi hadi Arusha kwenye ofisi ya wanyamapori nikiwa na bahasha yangu, nikarudishwa mikono mitupu, kisha nikaanza upya kwa kuwaandikia Wamarekani. Kwa upande wa Tanzania, kibali hutolewa na Idara ya Wanyamapori, na kwa ndege aliyeingizwa kutoka nje kinachoombwa ni cheti cha kumsafirisha tena. Uliza mapema masharti ya siku hiyo, kwa sababu mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na tangu hapo afisa yeyote huiangalia karatasi ya mnyama mara mbili.

Wanaokwenda Marekani wana jambo jingine ambalo halisemwi sana. Sheria yao ya mwaka 1992 inayolinda ndege wa porini humruhusu mtu kuingiza ndege wasiozidi 2 kwa mwaka kama vipenzi vyake, kwa sharti kwamba mtu huyo awe ameishi nje ya Marekani mfululizo kwa angalau mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba mwenye ndege hapaswi kutangulia akidhani atamwita baadaye. Mume wangu alitangulia, lakini maombi yalikuwa kwa jina langu, hivyo mimi na watoto tulibaki Moshi tukisubiri barua ya kasuku. Majirani walicheka sana, na sikuwalaumu.

Kama ndege wako hana karatasi, nakuomba usidanganyike na anayekuambia kwamba zinaweza "kutengenezwa". Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu kumiliki mnyamapori bila kibali kuwa kosa, na hilo linawahusu pia wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa ambao wenyeji wa upande wa Serengeti huwaona wakiruka kwa makundi. Ndege wa namna hiyo hawezi kusafiri kihalali. Ongea na ofisi ya wanyamapori ukiwa bado na muda, badala ya kuongea na askari ukiwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kasuku amefichwa kwenye mkoba.

Sasa niseme kuhusu sanduku, kwa kuwa hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko ofisini. Mashirika ya ndege hufuata kanuni za IATA, chama chao cha kimataifa, kuhusu wanyama hai, na fundi seremala wetu wa Majengo alinitengenezea sanduku zuri la mbao za msonobari. Mangi alilitoboa kwa usiku mbili. Mdomo wa kasuku unapasua kokwa ngumu, sembuse msonobari! La pili tulilifanya la mbao ngumu na kulizungushia ndani wavu wa chuma kisichoshika kutu. Wavu wa kawaida wa banda la kuku una zinki, nayo ni sumu kwa kasuku anayeuguguna. Kijiti cha kutulia kiwekwe chini, ili ndege asiyumbe sana, na nafasi imtoshe kugeuka bila kuvunja manyoya ya mkia. Kisha mzoeshe. Kwa wiki sita nilimlisha humo kila jioni, mwanzo mlango ukiwa wazi, baadaye ukiwa umefungwa, na mwishoni tukalipakia garini hadi Boma Ng'ombe na kurudi.

Wapo walionishauri nimpe dawa ya mafua ili asinzie njiani. Daktari wa mifugo alinikataza kabisa, kwa sababu ndege aliyeleweshwa na dawa hushindwa kushika kijiti na mwili wake hushindwa kujirekebisha joto. Alinipimia afya yake, akaniandalia cheti ndani ya siku 30 kabla ya safari, kisha akanikumbusha kwamba chakula cha njiani kiwe mbegu pamoja na vipande vya tango na tufaha, kwa kuwa maji humwagika. Parachichi, ambalo Moshi limejaa hadi linaoza chini ya miti, ni sumu kwa kasuku, na hilo uwaambie pia wote watakaomshika kwa muda.

Tulibadilisha ndege mara moja tu, Addis Ababa, na ninashauri uchague njia yenye vituo vichache hata ikiwa ghali. New York alikaguliwa na maafisa wa wanyamapori, kisha akapelekwa karantini ya siku 30, ambako hupimwa mafua ya ndege na mdondo. Nafasi ya karantini huwekwa mapema na gharama ni ya mwenye ndege. Hatukuruhusiwa kumtembelea. Nilichopata ni kuwapelekea wahudumu wake maelezo ya maandishi: anachokula, saa anazolala, na kwamba akiambiwa "hodi" hujibu.

Alitoka akiwa amekonda kidogo na amenyamaza, akakaa kimya wiki mbili. Ndani ya nyumba nilipiga marufuku kikaango kisichogandisha chakula, kwani moshi wake kikipata joto kali huua ndege upesi, na kwa kuwa mashine ya kupasha joto hukausha hewa, nilimnyunyizia maji ya uvuguvugu kila asubuhi. Karatasi zake zote sasa zimo kwenye bahasha moja na pasi zetu. Tukienda Moshi likizo atabaki hapa Marekani na jirani, maana kila kuvuka mpaka kunataka vibali vyake, na karantini ya kurudi haitamsamehe kwa kuwa aliwahi kuipitia.