Maswali ya Wasomaji: Mwindaji wa Kulungu na Imani Yake

Barua nne zilizotufikia kutoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani zinahusu jambo moja, yaani kuwinda kulungu, nasi tumeona vyema kuzijibu pamoja. Majina ya waandishi tumeyaacha, kama walivyoomba.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Katika kanisa ninaloabudu, kila msimu wa kuwinda kulungu ukimalizika, waumini kadhaa hupewa nafasi ya kushuhudia mambo ambayo Mungu amewafundisha porini. Mmoja alisema kwamba kuketi mtini tangu alfajiri bila kuona kitu kumemfundisha kumngoja Bwana. Mwingine alisema kwamba kulungu dume mwenye pembe kubwa aliyemtokea jua likiwa linazama alikuwa jibu la maombi yake. Je, mafundisho haya yana msingi katika Maandiko, au ni hadithi za kufurahisha tu?

JIBU: Asifiwe milele, ndugu yangu. Sitaki kuanza kwa kuwabeza hao wanaoshuhudia, kwa sababu Bwana Yesu mwenyewe aliwaambia wasikilizaji wake wawatazame ndege wa angani na maua ya kondeni (Mathayo 6:26–28), na mtu aliyetulia porini kwa saa nyingi huweza kuona mambo ambayo sisi tunaoshinda ndani hatuyaoni. Wasiwasi wangu ni kwamba ushuhuda wa namna hii mara nyingi hulikimbilia somo kabla mnyama hajatazamwa vizuri, na kabla Maandiko hayajafunguliwa.

Tukiyafungua, tunakutana na jambo ambalo nadhani mashahidi wako hawajalipima. Mtunga Zaburi anaposema kwamba nafsi yake inamwonea Mungu shauku kama ayala, yaani kulungu, aioneavyo shauku mito ya maji (42:1), yeye ndiye ayala. Daudi anapomshukuru Mungu kwa kumpa miguu kama ya kulungu (Zaburi 18:33), na Habakuki anapokiri neno lile lile mwishoni mwa kitabu chake, muumini ndiye kulungu. Mithali 6:5 inamsihi mtu aliyejifunga kwa kumdhamini mwenzake ajiponye kama paa anavyojiponya na mkono wa mwindaji, na Zaburi 91:3 inamtaja mwindaji kuwa ndiye ambaye Mungu hutuokoa na mtego wake. Hata wawindaji wanaojulikana zaidi kwa majina, Nimrodi na Esau, hawakuachiwa sifa ya uchaji, ingawa ni haki kusema kwamba Esau analaumiwa kwa kuidharau haki yake ya mzaliwa wa kwanza, wala hakuna mahali anapolaumiwa kwa mawindo yake, ambayo baba yake aliyapenda sana. Kuwinda kwenyewe hakukuharamishwa: Kumbukumbu la Torati 14:5 inamtaja kulungu miongoni mwa wanyama wanaoliwa, na nyama yake ilifika mezani kwa Sulemani (1 Wafalme 4:23). Ninachosema ni kwamba mwindaji anayetafuta nafasi yake katika mifano ya Biblia ajiandae kukuta kiti chake kimewekwa upande asioutarajia.

Sasa tuje kwenye subira. Mwindaji anayeijua kazi yake hupanda kwenye dungu lake mtini kabla hakujapambazuka, tena huchagua upande ambao upepo unatoka kwa wanyama kuja kwake, kwa sababu pua ya kulungu humgundua mtu mapema kuliko macho yake. Huvaa rangi ya machungwa iliyokolea ili wawindaji wenzake wamwone, na vazi hilo halimponzi, kwa kuwa macho ya kulungu hayaitofautishi vyema rangi hiyo na kijani cha majani, ingawa hushtuka kwa mwendo mdogo kabisa wa mkono. Mtu huyu anangoja, ni kweli, na kungoja kwake kunahitaji nidhamu ambayo wengi wetu hatuna. Lakini anangoja akiwa amejificha, ameficha hata harufu yake, na mkononi ana silaha. Kumngoja Bwana ni kukaa wazi mbele zake. Naona vigumu kuyaita mambo hayo mawili kwa jina moja.

Lipo somo jingine katika saa hizo, na kwangu ni zito zaidi. Katika Ayubu 39:1 Mungu anamuuliza Ayubu kama anayajua majira ambayo mbuzi-mwitu wa majabalini na kulungu huzaa. Swali hilo linamwambia mwanadamu kwamba kuna viumbe wanaochukua mimba, wanaozaa na kulea bila yeye kuhusika, na Mungu anawaangalia. Anayekaa porini hulikuta swali hilo likiwa hai mbele yake: jike anapita na ndama wake, anasimama kucheua, masikio yakigeuka moja huku na jingine kule, na maisha yake yote yanaendelea bila kumhitaji mtu aliye juu ya mti. Ushuhuda wa namna hiyo ningependa kuusikia kanisani mara nyingi zaidi.

Kuhusu yule dume wa jioni, siku za vuli zinapofupika, upungufu wa mwanga hubadilisha homoni za kulungu na kuanzisha msimu wa kupandana; madume ambao mwaka mzima hutembea kwa tahadhari huanza kuwafuata majike hata mchana, na kwa kawaida kulungu hutembea zaidi alfajiri na magharibi. Aliyepata na ashukuru, kwa maana kila kiumbe cha Mungu ni kizuri kikipokelewa kwa shukrani (1 Timotheo 4:4). Ila asiwatangazie watu kwamba amepewa tuzo, kwa sababu huenda kwenye mti wa pili alikuwepo ndugu aliyeomba vivyo hivyo akarudi mikono mitupu, naye pia anamsikiliza akiwa amekaa kwenye benchi la nyuma.

SWALI: Mwalimu, nakusalimu katika jina la Bwana. Msimu uliopita nilimpiga kulungu kwa mshale. Nilimfuata hadi giza likaingia, na kesho yake nikarudi, lakini sikumpata. Jambo hili linanisumbua sana moyoni. Nilipomwambia mtu ninayemheshimu kanisani, alinijibu kwamba huyo ni mnyama tu. Je, dhamiri yangu inanidanganya?

JIBU: Haikudanganyi, na ningekuhofia kama isingekusumbua. Bwana alisema kwamba hata shomoro mmoja haanguki chini pasipo Baba kujua (Mathayo 10:29), na kitabu cha Yona kinafungwa na Mungu akihesabu wanyama wa Ninawi pamoja na watu wake katika sababu za kuuhurumia mji. "Mnyama tu" si lugha ya Biblia.

Wewe unajua, lakini wasomaji wengine hawajui, kwamba kazi ngumu ya mwindaji huanza baada ya mshale kutoka. Mnyama aliyepigwa mapafuni huacha damu nyekundu yenye povu la vibofu vidogo, na kwa kawaida haendi mbali. Damu nyeusi nyeusi huonyesha ini. Ikiwa mshale umetoka na majimaji ya kijani yenye harufu ya majani yaliyotafunwa, umepita tumboni, na hapo mwindaji mzoefu hurudi nyuma kimyakimya na kungoja saa nyingi, kwa sababu mnyama asiyefukuzwa hulala karibu, lakini akisukumwa atakimbia na maumivu yake hadi mahali ambapo hakuna atakayemfikia. Kisha huja kufuata alama: tone juu ya jani, hatua tano bila kitu, doa kwenye ubavu wa gogo mahali mnyama alipojisugua akipita. Mtafutaji hufunga utepe penye damu ya mwisho ili asipoteze mahali, hupiga magoti, hugeuza majani moja moja. Ni kazi ya unyenyekevu, na hakuna anayeipigia picha.

Hapa ndipo ninapoiona sheria ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo neno kuu la Biblia kwa mwindaji. Walawi 17:13 inaagiza kwamba mtu akiwinda mnyama au ndege anayeliwa, aimwage damu yake na kuifunika kwa mchanga, kwa kuwa uhai wa kila chenye mwili u katika damu. Angalia mahali agizo hilo linapotekelezwa. Ng'ombe wa sadaka alichinjwa mbele ya kuhani na watu wakitazama, lakini mwindaji alikuwa peke yake nyikani, pengine mwendo mrefu kutoka kambini, na hakuna ambaye angejua kama ameinama kuchota mchanga au amejiendea zake. Mungu alimfuata hadi huko. Uhai alioutoa mtu kwa mkono wake ulidai tendo la heshima hata pasipo shahidi.

Wakristo hatuko chini ya agizo la kufunika damu, lakini deni la heshima lingalipo, na kwa mwindaji wa leo linalipwa kabla ya kupiga na baada ya kupiga. Kabla, ni kukubali kumwacha mnyama apite ikiwa yuko mbali kupita uwezo wako, ikiwa amejikinga na matawi, au ikiwa mikono yako inatetemeka kama inavyowatokea wengi moyo unapoanza kwenda mbio. Baada ya hapo, ni kutafuta kama ulivyotafuta wewe, hadi pale uwezo unapokwisha. Katika majimbo mengi inaruhusiwa kumtumia mbwa aliyefunzwa kufuata damu. Ulizia kwenye mamlaka ya wanyamapori ya jimbo lako kabla ya msimu ujao. Mwombe Mungu rehema bila kujitesa, nenda ukajizoeze kulenga kwa umbali mfupi, na usirudi porini kwa kulipiza hasara.

SWALI: Mwalimu, mume wangu ni mtu wa Mungu, lakini tangu alipoanza kuwinda na wenzake, Jumapili za msimu wote hatumwoni ibadani. Nikimuuliza, husema kwamba Mungu yupo porini pia na kwamba huko anamwabudu vizuri zaidi. Nimjibu nini?

JIBU: Mwambie, dada yangu, kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Mungu yupo porini. Kilichobaki kanisani ni wewe, watoto, na wale ambao Waebrania 10:25 inamtaka asiache kukusanyika pamoja nao, na hao hawapatikani juu ya mti.

Kama anapenda hadithi, msimulie ya Hubert, askofu wa Liège aliyefariki mwaka 727, ambaye Wakatoliki humkumbuka kila tarehe 3 Novemba kama mtakatifu msimamizi wa wawindaji. Inasimuliwa kwamba alipokuwa bado kijana wa anasa alikwenda kuwinda siku ya Ijumaa Kuu wakati wengine wako kanisani, na kulungu aliyekuwa akimfukuza akageuka, msalaba ukionekana kati ya pembe zake, na sauti ikamwonya airudie njia ya Bwana. Ni ngano, na kabla yake ilikuwa imekwisha kusimuliwa juu ya mtakatifu mwingine aitwaye Eustace, kwa hiyo siileti hapa kama historia. Hata hivyo inanifurahisha kwamba wawindaji walimchagua kuwa msimamizi wao mtu ambaye, kwa mujibu wa hadithi yao wenyewe, alinaswa na mnyama aliyekuwa akimfukuza.

Kwa upande wa vitendo, jambo hili lisigeuke ugomvi. Msimu una Jumamosi zake, na una asubuhi za siku za kazi kwa anayeweza kuomba likizo. Katika majimbo kadhaa ya mashariki sheria zilikataza kuwinda siku ya Jumapili kwa vizazi vingi. Pennsylvania ilianza kulegeza katazo hilo mwaka 2019 tu. Wawindaji wa huko waliishi na katazo hilo, wala hawakukosa kulungu. Kaa naye kabla msimu haujafunguliwa, mkubaliane siku, na ukimwona ameweka ahadi, mpikie anacholeta bila kinyongo.

SWALI: Je, si dhambi kuua mnyama kwa starehe wakati nyama inauzwa dukani?

JIBU: Nyama ya dukani nayo ilikuwa na uhai, tofauti ni kwamba aliyeutoa hukumwona. Kuua kwa ajili ya pembe za ukutani huku nyama ikiachwa ioze, hilo siwezi kulitetea kwa andiko lolote, na Mithali 12:27 inamsema mvivu asiyepika mawindo yake. Lakini anayewinda kwa kibali, akala na kugawa, na akafurahia kazi hiyo, sioni kosa lake.

Historia pia inatusaidia kulipima swali. Kufikia mwaka 1900 hivi, kulungu wenye mkia mweupe wa Marekani walikuwa wamebaki chini ya nusu milioni, kwa sababu ya ukataji wa misitu na uwindaji wa kuuza nyama na ngozi bila kikomo. Sheria ya Lacey ya mwaka huo ilipiga marufuku kusafirisha kati ya majimbo wanyama waliowindwa kinyume cha sheria, na sheria ya Pittman–Robertson ya 1937 ikaelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye kazi ya kuwahifadhi wanyamapori. Leo kulungu hao wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30, na kwa kuwa mbwamwitu na simba wa milimani wametoweka katika sehemu kubwa ya mashariki ya nchi, kuna misitu ambayo miche yake huliwa yote kabla haijakua. Tamaa isiyo na mpaka iliwamaliza. Uwindaji uliowekewa mpaka haukuwazuia kuongezeka.

Mwenye nyama ya ziada aulize kama kuna mchinjaji karibu naye anayeipokea kwa ajili ya wenye njaa, maana mipango ya namna hiyo ipo katika majimbo mengi. Ikiwa eneo lake lina ule ugonjwa wa kudhoofika unaoharibu ubongo wa kulungu, uliogunduliwa kwanza Colorado mwaka 1967, apeleke sampuli ikapimwe na angoje majibu kabla ya kumgawia jirani hata kipande kimoja.